Reli ya Kando

Jumapili, saa tatu usiku, Gorna Oryahovitsa,
theluji imeziba mlango wa jengo letu la zege,
na mama, kutoka Murcia anakomlea bibi wa watu,
akafungua kinywa kuniita Krasimir
na kioo kikamgandisha kwenye "Kra—".
Kra. Kama kunguru juu ya waya.
Sekunde nne, tano, jicho moja limefumba,
kisha sauti ikaja kwa mpigo, imelundikana:
mmekulambonababakakonda—
na kimya.

"Mtandao mbovu huu," nilisema,
uongo, nami nimeukalia ushahidi:
chini ya meza kompyuta yangu ilivuma
ikigawa vipande usiku na mchana
kwa watu mia na kumi nisiowajua.
Ukipokea, toa; ndiyo sheria yetu.
Sikujua kwamba mlango wa kutokea
ni mwembamba kuliko wa kuingilia,
na kwamba nimeuziba kwa ukarimu.

Baba, Zdravko, hakunigombeza.
Miaka thelathini na mmoja alipanga mabehewa stesheni;
vidole viwili vya kushoto alivisahau
kwenye kiungio cha behewa la makaa.
Alivaa miwani, akaivuta ruta juu ya kitambaa cha meza
kando ya bakuli la pilipili za siki,
akauliza swali moja:
"Foleni inakaa wapi?"

Sikuelewa.
"Treni zikizidi, foleni lazima iwepo.
Kitu ni nani anayeishika. Sasa anaishika modemu,
na modemu ni mlevi, kila ajaye humfungulia:
makaa mbele, mgonjwa nyuma."
Akaandika kasi ya kupakia, pungufu ya ile tunayolipia,
asilimia themanini na tano,
"ili foleni ije ilale kwetu,
ambako bendera ninayo mimi."

Tukajaribu kuyakamata makaa.
Tulifunga bandari hii, yakatokea bandari ile;
tulichungulia pakiti, zimefumbwa, hazisomeki.
Mzigo umevaa koti la abiria, na tiketi umekata.
Mpaka saa saba usiku tulikimbiza
kivuli changu mwenyewe.

Halafu akacheka, kicheko cha stesheni,
cha mtu aliyezoea kushindana na injini.
"Tumeanzia mkiani! Namsakia nini mwizi
na mke wangu namjua?"
Akaitia alama sauti ya mama, hiyo tu:
ipite kwanza, saa yoyote.
Kurasa za kusoma, nyuma yake.
Wengine wote, wenye majina na wasio nayo,
reli ya kando: wapite pakiwa na nafasi,
isipokuwapo, wasimame na taa zao.

"Wakate kabisa," nikasema. Aibu ilinifanya mkali.
Akakitazama kioo changu kwa muda mrefu.
"Huyu wa Uruguai ni nani?"
Simjui. Siku ya kumi na moja anasubiri
filamu ya vikaragosi, asilimia tisini na nne,
na vipande vilivyobaki ninavyo mimi peke yangu.
"Basi usimfungie. Treni ya mizigo haifutwi,
hucheleweshwa."
Akamwachia upenyo, kilobaiti tatu kwa sekunde,
kama bomba lisilokazwa vizuri.

Jumapili iliyofuata mama alilitaja jina langu lote.
Akataja na mengine: kwamba mgongo unamuuma,
kwamba yule bibi sasa anamwita
kwa jina la binti yake aliyekufa,
kwamba Pasaka, labda, hatakuja.
Zamani haya yangeganda njiani
nasi tungeyasukumia mtandao.
Sasa yalifika yote, moja baada ya jingine,
na baba hakuwa na swichi ya kuyapeleka kando.
Alikuwa ameiwekea ruta kiganja,
kama mtu anayepima homa.

Usiku ule, saa kumi kasoro,
mtu wa Uruguai akatimiza mia.
Hakuaga. Hawaagi.
Ila hakuondoka: alibaki pale,
kilobaiti mbili, kilobaiti tatu,
akimgawia mwingine.
Nilikwenda kumwambia baba.
Alikuwa amelala na miwani.